Parokia jirani zinapoketi pamoja kupanga: Funzo la Wakatoliki wa Chicago

KWA miaka mingi, Mkatoliki wa jiji la Chicago, Marekani, alipoulizwa anakotoka hakutaja barabara wala mtaa. Alitaja parokia yake. Jina la parokia lilitosha kumjulisha msikilizaji alikosomea, lugha iliyozungumzwa nyumbani kwao na hata kazi iliyowalisha wazazi wake.

Ndiyo sababu tangazo lililotolewa mwanzoni mwa mwaka wa 2016 liliwatia waumini wengi wasiwasi. Askofu Mkuu Blase Cupich, aliyeteuliwa kuliongoza jimbo hilo mwaka wa 2014 na ambaye baadaye angefanywa kardinali, alisema kwamba idadi ya parokia haingeweza kubaki ilivyokuwa, na kwamba parokia zilizopakana zingeketi pamoja kuamua namna ya kuendelea.

Mpango huo uliitwa Renew My Church, yaani Lifanye Upya Kanisa Langu. Jina hilo latokana na simulizi ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi, ambaye alipokuwa akisali mbele ya msalaba katika kanisa bovu la San Damiano, Italia, alijihisi akiagizwa kulitengeneza kanisa la Bwana. Mwanzoni alidhani anatakiwa kubeba mawe na kujenga kuta. Baadaye alielewa kwamba kilichohitaji kutengenezwa ni watu.

Tofauti hiyo ya kuta na watu ndiyo iliyokuja kuwa kiini cha mabishano yote yaliyofuata Chicago.

Hesabu zilizolazimisha mabadiliko

Jimbo Kuu la Chicago linahudumia kaunti mbili za jimbo la Illinois, Cook na Lake, zenye Wakatoliki zaidi ya milioni 2. Mpango ulipoanza, jimbo hilo lilikuwa na takriban parokia 350.

Wakati huo huo, wakuu wa jimbo walikadiria kwamba kufikia mwaka wa 2030 huenda wakasalia na mapadri wapatao 240 wanaoweza kuongoza parokia. Kwa hesabu hiyo, zaidi ya parokia mia moja zingekosa paroko wake zenyewe.

Upungufu wa mapadri haukuwa tatizo la pekee. Idadi ya watu wanaohudhuria Misa ya Jumapili ilikuwa imepungua kwa miongo kadhaa, ubatizo na ndoa za kanisani vilikuwa vimeshuka, na majengo mengi yaliyojengwa zaidi ya karne moja iliyopita yalihitaji ukarabati ambao sadaka za waumini wachache hazingeweza kuugharimia.

Padri aliyepewa parokia ya namna hiyo alijikuta akishughulikia mapaa yanayovuja, mitambo ya kupasha joto iliyochakaa na madeni ya miaka mingi. Muda wa kutembelea wagonjwa, kufundisha vijana na kuwatafuta walioacha kanisa ulikuwa mdogo.

Kwa nini makanisa yalisongamana

Msomaji wa Kenya, ambako mtu anaweza kutembea kilomita nyingi kabla ya kufika kanisani, huenda akashangaa kusikia kwamba katika baadhi ya mitaa ya Chicago makanisa makubwa ya Kikatoliki yalikuwa hatua chache tu kutoka jingine hadi jingine.

Jambo hilo lina historia. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, jiji hilo lilipokea wahamiaji wengi kutoka Ulaya waliokuja kufanya kazi viwandani, kwenye reli na katika machinjio mashuhuri ya ng'ombe na nguruwe. Waairishi, Wajerumani, Wapoland, Walithuania, Wacheki na Waitaliano kila mmoja alitaka kuungama na kuhubiriwa kwa lugha yake.

Hivyo kila taifa lilijenga kanisa lake, shule yake na nyumba ya watawa wake. Mtaa wa Pilsen ni mfano mzuri. Huko Wapoland walianzisha parokia ya St. Adalbert mwaka wa 1874, na miaka miwili baadaye Wajerumani wakaanzisha ya St. Paul, umbali ambao mtu anaweza kuutembea kwa miguu. Makanisa makubwa ya parokia hizo mbili yalichorwa na msanifu mmoja, Henry Schlacks.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, wajukuu wa wahamiaji hao walianza kuhamia vitongoji vya mbali vyenye nyumba kubwa na bustani. Mahali pao pakachukuliwa na familia kutoka Mexico, ambazo zilifufua parokia nyingi zilizokuwa zikififia. Lakini waliohama walikuwa wengi, na waliobaki walikuwa na mishahara midogo ya kutunza majengo yaliyokusudiwa umati mkubwa.

Hata Papa Leo XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei, 2025 na ambaye alizaliwa Chicago mwaka wa 1955, alilelewa katika parokia iliyopatwa na masaibu hayo. Kanisa la St. Mary of the Assumption, alikotumikia altareni akiwa mtoto kusini mwa jiji, lilifungwa miaka mingi kabla ya uchaguzi wake na jengo lake likaachwa kuchakaa.

Si mara ya kwanza

Kufunga parokia halikuwa jambo geni Chicago. Mwaka wa 1990, wakati wa Kardinali Joseph Bernardin, jimbo lilitangaza kufungwa kwa parokia na shule nyingi kwa mpigo kutokana na upungufu mkubwa wa fedha. Kumbukumbu ya uchungu huo ilikuwa haijafutika.

Safari hii wakuu wa jimbo walichagua njia nyingine. Badala ya ofisi kuu kuandika orodha ya makanisa yatakayofungwa, parokia zote ziligawanywa katika makundi ya majirani, kila kundi likiwa na parokia mbili, tatu au zaidi. Makundi hayo hayakuanza kwa pamoja. Yalipangwa kwa awamu, moja baada ya nyingine, kwa muda wa miaka kadhaa.

Kila parokia ilitoa wawakilishi wake: paroko, baadhi ya wafanyakazi na waumini wa kawaida. Wawakilishi hao waliwekewa mezani takwimu za parokia zote za kundi lao: wanaohudhuria Misa, watoto wanaobatizwa, ndoa, mazishi, mapato, madeni, hali ya majengo na idadi ya wanafunzi katika shule.

Kwa wengi, hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kuona hesabu za jirani. Parokia iliyojidhania maskini iligundua kwamba jirani yake alikuwa na deni kubwa zaidi. Iliyojivunia kanisa kubwa ilitambua kwamba kanisa dogo la pili lilikuwa na vijana wengi kuliko yeye.

Kisha wawakilishi walipewa mapendekezo kadhaa ya kujadili. Je, parokia ziunganishwe na makanisa yote yaendelee kutumika? Je, kanisa moja lifungwe? Je, kila parokia ibaki huru lakini zigawane paroko, ofisi au mafunzo ya dini? Walikuwa huru pia kuleta pendekezo lao wenyewe, mradi walitetee kwa hoja.

Maoni yao yalipelekwa kwa tume ya jimbo, iliyotoa mapendekezo yake kwa askofu mkuu. Baada ya uamuzi kutolewa, kazi ya pili ilianza: kumpokea paroko mpya, kuunganisha akaunti za benki, kupanga upya saa za Misa, kuunda halmashauri moja na kupendekeza jina la parokia mpya.

Hatua hii ya pili ndiyo inayopuuzwa na wengi wanaodhani kwamba tangazo la kuunganishwa ndilo mwisho wa safari. Watu wanaweza kukubali kwa moyo mkunjufu kwamba parokia mbili ziwe moja, kisha wakafarakana kwa sababu Misa ya saa mbili asubuhi imehamishiwa kanisa la pili, au kwa sababu kwaya mbili zinagombea siku moja ya kuimba.

Nani mwenye kauli ya mwisho?

Swali hili ndilo lililozua manung'uniko mengi zaidi, na ni vyema lieleweke wazi.

Kwa mujibu wa Sheria ya Kanisa, kanuni ya 515, ni askofu wa jimbo pekee mwenye uwezo wa kuanzisha parokia, kuifuta au kuibadilisha kwa kiasi kikubwa. Lakini sheria hiyo hiyo inamkataza kufanya hivyo kabla ya kulisikiliza Baraza la Mapadri. Baraza hilo hushauri, haliamui.

Kwa hivyo waumini walioketi katika mikutano ya makundi hawakuwa wakipiga kura. Walikuwa wakitoa ushauri. Pale walipoelezwa hivyo tangu siku ya kwanza, wengi waliupokea uamuzi hata ulipowauma. Lakini waumini walioamini kwamba wanachagua wenyewe, kisha wakapata uamuzi tofauti, walihisi wamehadaiwa.

Sheria pia inatofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kuunganisha parokia ni jambo moja, na kulifunga jengo la kanisa ni jambo jingine. Parokia zaweza kuwa moja huku makanisa yake mawili au matatu yakiendelea kutumika, kila moja likihifadhi jina lake la zamani. Ili kanisa liondolewe katika matumizi ya ibada, kanuni ya 1222 inadai kuwe na sababu nzito, na hata hapo jengo halifai kupewa matumizi ya aibu.

Kuhusu mali, parokia mpya inayotokana na muungano hurithi mali na haki za zile za awali, lakini hurithi pia madeni yao. Hapa ndipo majirani hutazamana kwa jicho la shaka. Waliojinyima kwa miaka mingi ili wamalize deni lao hujiuliza kwa nini sasa walipe la wengine.

Waumini wasioridhika hawajaachwa bila njia. Wanaweza kumwandikia askofu wakimtaka abadilishe uamuzi wake, na wanapaswa kufanya hivyo kwa haraka, kwa kuwa sheria inawapa siku 10 tu. Akikataa, wanaweza kukata rufaa Vatican kwa Idara ya Makleri, na hatimaye kwa mahakama ya juu kabisa ya Kanisa, inayojulikana kama Signatura ya Kitume.

Rufaa hizo si mchezo wa kuigiza. Mnamo Julai 2020, Idara ya Makleri ilitoa mwongozo kuhusu parokia ambao ulisema kinagaubaga kwamba upungufu wa mapadri au hali ya jumla ya fedha za jimbo si sababu za kutosha za kuifuta parokia. Sababu lazima ziihusu parokia yenyewe. Katika Jimbo Kuu la St. Louis, ambalo mwaka wa 2023 lilitangaza kupunguza parokia zake kutoka 178 hadi 134, baadhi ya waumini waliokata rufaa walishinda.

Uchungu wa Pilsen

Kisa cha St. Adalbert chaonyesha jinsi hesabu sahihi zinavyoweza kushindwa kutuliza mioyo.

Kanisa hilo la mwaka wa 1914, lenye minara miwili inayoonekana kutoka mbali, lilikuwa limezungushiwa vyuma vya mafundi kwa sababu minara hiyo ilihatarisha wapita njia. Ukarabati wake ulikadiriwa kugharimu mamilioni ya dola. Mwaka wa 2016 jimbo lilitangaza kwamba parokia hiyo ingeunganishwa na jirani yake, St. Paul.

Waumini wenye asili ya Poland, ambao wengi wao walikuwa wamehamia mbali, waliungana na Wamexico waliokuwa wakiishi mtaani hapo. Walichangisha fedha, wakaandamana na kukata rufaa. Watu wa mataifa mawili waliokuwa wakisali katika Misa tofauti kwa lugha tofauti walipatana kwa sababu ya hofu ya kupoteza paa moja.

Misa ya mwisho ilisomwa Julai 2019. Mnamo Novemba 2022, wafanyakazi walipofika kuiondoa sanamu ya Bikira Maria akimpakata Yesu aliyekufa ili ipelekwe St. Paul, waandamanaji walikuwa nje wakipinga.

Kwa mtazamo wa wahasibu, jimbo lilikuwa na haki: fedha za kutengeneza minara zingeweza kulipia mahitaji mengi ya watu. Kwa mtazamo wa waumini, kanisa hilo lilikuwa ushahidi wa jasho la mababu waliojinyima chakula ili walijenge. Mgala muue na haki umpe. Pande zote mbili zilisema kweli, ila kila upande ulizungumzia hazina tofauti.

Parokia ya Mama Yetu wa Afrika

Upande wa kusini wa jiji, katika mtaa wa Bronzeville, hali ilikuwa ya namna nyingine. Huko ndiko kwenye mizizi ya Wakatoliki weusi wa Chicago.

Padri Augustus Tolton, aliyezaliwa utumwani katika jimbo la Missouri mwaka wa 1854, alikataliwa na seminari za Marekani kwa sababu ya rangi yake. Alipadirishwa Roma mwaka wa 1886, na miaka mitatu baadaye akafika Chicago, ambako alianzisha parokia ya St. Monica kwa ajili ya Wakatoliki weusi. Alifariki mwaka wa 1897. Mwaka wa 2019 Kanisa lilimtangaza kuwa Mtumishi Mheshimiwa, hatua mojawapo ya kuelekea utakatifu. Parokia yake iliunganishwa na ya St. Elizabeth mwaka wa 1924.

Karibu karne moja baadaye, St. Elizabeth nayo iliitwa mezani pamoja na majirani wake, miongoni mwao Corpus Christi. Mwaka wa 2021 parokia hizo zilifanywa kuwa moja, nayo ikapewa jina la Our Lady of Africa, yaani Mama Yetu wa Afrika.

Jina hilo halikuwa pambo. Majirani wanapounganishwa, kutumia jina la parokia moja humaanisha kwamba nyingine imemezwa. Jina jipya humfanya kila mmoja aingie kama mwenye nyumba. Kwa jamii ambayo makanisa yake yalikuwa yakipungua kwa miaka mingi, jina lililotaja asili yake lilikuwa pia njia ya kusema kwamba kumbukumbu ya Padri Tolton haikuzikwa na majengo.

Hata hivyo, wapo waliouliza kwa nini mitaa ya watu weusi na maskini ndiyo iliyopoteza makanisa mengi. Swali hilo ni zito. Kanuni inayohesabu sadaka na mahudhurio pekee itawapendelea matajiri kila mara, ilhali kanisa la mtaa maskini huenda ndilo pekee linalogawa chakula, linalowapa vijana mahali salama na linalowazika wasio na jamaa.

Je, kupungua ni kufanywa upya?

Janga la Covid-19 lilipofunga makanisa mnamo Machi 2020, sadaka zilipungua na mikutano mingi ya makundi ikahamia kwenye intaneti. Mpango haukusimama. Miaka michache baadaye, parokia za jimbo hilo zilikuwa zimepungua hadi karibu 220, ingawa makanisa yanayotumika kwa Misa ni mengi kuliko idadi hiyo.

Majimbo mengine yamefuata njia iliyo karibu na hiyo. Mnamo Mei 2024, Jimbo Kuu la Baltimore lilitangaza kwamba parokia 61 za jiji na viunga vyake zingekuwa 23, zenye mahali 30 pa ibada, baada ya mashauriano ya takriban miaka miwili.

Idadi hizo zaonyesha kwamba kupunguza kunawezekana. Hazionyeshi kwamba watu wamefanywa upya. Parokia mbili dhaifu zikiunganishwa bila lolote zaidi, huzaa parokia moja dhaifu yenye eneo kubwa na paroko aliyechoka.

Dalili za uhai ni nyingine. Ni pale katekista wa kanisa moja anapofundisha watoto wa makanisa mawili, pale fedha zilizookolewa kwa kuwa na ofisi moja zinapotumika kumwajiri mshauri wa vijana, na pale waumini wa kanisa lililofungwa wanapotafutwa nyumbani mmoja mmoja, kwa sababu baadhi yao hawahamii kwa jirani bali hukoma kabisa kwenda Misa.

Kwa Kenya, tatizo kwa sasa ni kinyume cha la Chicago. Hapa vigango hukua vikawa parokia, na majimbo hugawanywa kwa sababu ya wingi wa waumini. Jimbo la Wote, kwa mfano, lilimegwa kutoka Machakos mwaka wa 2023.

Lakini kanuni ni ile ile. Parokia inapogawanywa, majirani hulazimika kuzungumza kuhusu mpaka, shamba, shule, deni na padri, sawa na inapounganishwa. Nchi za Afrika Mashariki zina hazina ambayo Chicago inaitafuta kwa shida: Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa kanda hii walizifanya kuwa msingi wa uchungaji tangu miaka ya 1970. Mtu anayejulikana kwa jina katika jumuiya ya nyumba kumi au ishirini hapotei kwa urahisi mipaka ya parokia inapobadilishwa.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na parokia moja iliyojifungia haiwezi kujifanya upya. Lakini vidole havishirikiani kwa kufungwa kamba. Visa vya Chicago vyafundisha kwamba majirani hupanga vyema wanapoonyeshwa hesabu zote mapema, wanapoambiwa bila kufichwa ni nani atakayeamua, na wanapopewa muda wa kuomboleza wanachopoteza kabla ya kuombwa kushangilia kilicho kipya.

Makanisa ambayo yangali na watu wengi leo yana nafasi ya kuanza mazungumzo hayo kabla ya kulazimishwa na dari zinazovuja.